Sifuri ya Saa Tisa

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa sita

Baridi. Basi la kampuni limechelewa, nimefika mgodini na vidole vigumu. Nimewasha kompyuta, nimesoma ujumbe, nimerekebisha makosa mawili madogo ya programu. Kazi ya kila Jumatatu.

Chumba changu kinapakana na chumba cha usalama. Mlango kati yetu haufungwi. Huko anakaa Mama Georgette, mbele ya skrini ya programu yetu. Kila mchimbaji ana chipu kwenye lampu ya kofia yake. Chini ya ardhi, kila njia panda ina kisomaji. Mtu akipita, skrini inajua. Saa tisa alasiri, zamu ikishapanda, Mama Georgette anatazama upande wa mashariki. Ukionyesha sifuri, anampigia simu mlipuaji: hakuna mtu, lipua. Siku sita kwa juma.

Leo aliniita: "Mireille, masini yenu iko nakawia." Nikamjibu ni mtandao. Sikuangalia. Nilikuwa nakunywa chai.

Jumatano, tarehe 10

Naandika polepole.

Saa tisa kamili. Skrini: mashariki, sifuri. Mama Georgette akampigia mlipuaji. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na karatasi za kutia sahihi. Tukangoja mtikisiko, ule unaopita sakafuni na kugonganisha vikombe. Haukuja. Tukatazamana. Simu ikalia.

Mlipuaji. Waya wake mmoja ulikuwa umelegea. Alipokuwa anaukaza aliona taa mwisho wa njia. Taa ya kofia. Ndani ya mashariki. Inakuja.

Ni papa Ilunga, fundi wa pampu. Alikuwa amerudi kufunga valvu, akapita kwa ngazi ya mabomba ya maji, walinzi wa kizuizi hawakumwona. Alitoka kwa miguu yake na spana mkononi. Akawauliza kwa nini wanamtazama hivyo.

Saa tisa na dakika tano jina lake likatokea kwenye skrini. Ilunga, mashariki, ameingia. Wakati huo alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye benchi la walinzi, anapewa maji.

Skrini ilimwonyesha anaingia baada ya yeye kutoka. Nimeandika sentensi hii mara tatu kwenye karatasi nyingine.

Waya uliolegea. Hicho tu ndicho kilichomwokoa.

Alhamisi, tarehe 11

Asubuhi chef Hubert alinipigia simu kutoka mjini. Yeye ndiye mwenye ofisi yetu, ndiye aliyeuzia mgodi programu. Ameshaamua: betri ya chipu ilikuwa imekwisha. Niandike ripoti ya ukurasa mmoja. Nikaandika, nikatia sahihi, nikaituma kabla ya saa nne.

Saa nane mchana nilikwenda chumba cha lampu. Nikaomba lampu ya papa Ilunga. Betri imejaa.

Nikarudi kutazama kumbukumbu za kisomaji. Kila kisomaji kinaandika saa yake chenyewe. Kilimsoma papa Ilunga saa tisa kasoro dakika mbili. Bila kosa. Ujumbe ukatoka, ukafika kwenye seva yetu sekunde hiyo hiyo. Ukakaa dakika saba. Ulikuwa kwenye foleni, nyuma ya ujumbe wa wengine, unangoja programu yetu iushughulikie.

Nimelinganisha siku nyingine. Asubuhi watu wachache wanatembea, ucheleweshaji ni sekunde mbili au tatu. Kuanzia saa nane na nusu, zamu nzima ikipanda kwa pamoja, foleni inarefuka. Dakika nne. Dakika sita. Saa ambayo tunahitaji ukweli kuliko saa zote, ndiyo saa skrini inaonyesha yaliyopita.

Sijamwambia mtu. Papa Ilunga amesimamishwa kazi. Anayechaji lampu ni mchimbaji mwenyewe. Kama betri ilikwisha, kosa ni lake. Ndivyo ripoti inavyosema. Yenye sahihi yangu.

Leo saa tisa walilipua. Vikombe viligongana. Nilishika ukingo wa meza mpaka kukatulia.

Ijumaa, tarehe 12

Nimejifungia. Nimeambia watu kichwa kinaniuma.

Nimefanya hivi. Nilipachika kando ya programu chombo kinachoiuliza mara mia kwa sekunde: uko mstari gani sasa? Kuanzia saa nane na nusu mpaka saa tisa kasoro robo, ikajibu maelfu ya mara. Majibu yenyewe hayasomeki. Ni maneno yanayotiririka tu, macho yanachoka. Kwa hiyo nikayachora. Kila sehemu ya programu inakuwa kipande cha rangi. Sehemu ikiita nyingine, inaibeba mgongoni. Upana wa kipande ni muda inaoula. Waandishi wa programu tunaziita picha za moto, kwa sababu vipande vinapanda juu kama ndimi, vyekundu na vya machungwa.

Nilitegemea kuona ndimi nyingi nyembamba. Nimeona ukuta mmoja. Kipande kimoja kimefunika karibu skrini nzima, vingine vimebanwa pembeni kama nywele.

Nikaweka kishale juu yake nisome jina. Nililijua kabla halijatokea.

Ni sehemu inayotafuta mwenye chipu na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kila mtu akipita mbele ya kisomaji, sehemu hiyo inafungua orodha ya safari zote za watu wote tangu siku ya kwanza ya mradi, na kuisoma toka juu hadi chini. Siku ya kwanza tulikuwa na wachimbaji arobaini wa majaribio. Orodha ilikuwa fupi. Sasa zamu moja ni mamia, na orodha ina miaka miwili.

Juu ya mistari ile kuna maelezo: kwa sasa inatosha, nitairudia. Halafu herufi za jina langu.

Nimeandika mimi. Si mwingine. Mimi.

Saa tisa kasoro dakika tano nilikwenda kwa Mama Georgette. Nikamwambia naweka kitu kipya kwenye seva, angoje dakika kumi kabla ya kupiga simu. Uongo. Akangoja. Nilisimama pale na jasho mgongoni, wakati nje watu wamevaa makoti.

Jumamosi, tarehe 13

Nimekwenda mjini kwa chef Hubert. Nimemwekea picha mezani. Ni mtu mwenye akili, alielewa kabla sijamaliza. Akafunga mlango.

Jumanne wakubwa wa mgodi wanakuja kuona programu, waamue kama wataendelea na sisi. Kurekebisha kunataka kusimamisha skrini saa nzima, na kusimamisha kunataka ruhusa, na ruhusa inataka sababu. Akasema: "Siku tatu, Mireille. Siku tatu tu. Kiisha utatengeneza pole pole, hamuna mwenye atajua."

Nikamuuliza, na papa Ilunga? Akatazama dirisha. Akasema atapata kazi kwingine, mafundi wa pampu wanatafutwa.

Sikubisha. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikunja picha, nikaitia mkobani, nikasema ndiyo, chef. Nje ya mlango nikampigia Mama Georgette. Angoje dakika kumi tena leo. Akauliza tena? Nikasema tena.

Nyumbani mama alipakua bukari na sombe. Sikuweza kumeza. Akanishika paji la uso kuona kama nina malaria. Natamani ingekuwa malaria.

Jumapili, tarehe 14

Baada ya misa nilipanda basi mpaka mtaa wa Katuba, kwa papa Ilunga. Mwenye chumba cha lampu alikuwa amenielekeza. Nyumba ya tofali, mlango wa bluu, uwanja umefagiliwa.

Papa Ilunga alikuwa amekaa nje kwenye jua na koti lake la kazi. Ana miaka hamsini na kitu. Mkewe aliniletea kiti, akakipangusa na kikwembe chake. Walidhani nimetumwa na mgodi. Nilisema nimekuja kusalimia. Walinishukuru. Kushukuriwa kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Akanieleza bila mimi kuuliza. "Lampe yangu minaitiaka ku courant kila siku, mwana. Kila siku. Uulize bantu. Sasa banasema nilikosa. Pengine nilikosa. Sijue tena."

Sijue tena. Ameanza kuamini ripoti yangu. Anakaa pale anakumbuka mkono wake unaweka lampu kwenye chaji, na hajiamini.

Mkewe alisema tangu Jumatano hataki kuingia chumba kisicho na dirisha. Papa Ilunga akamwambia anyamaze. Kisha akacheka kidogo, akatazama viatu vyake.

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Betri ilijaa, papa, kosa ni langu. Ilifika kwenye meno. Nikauliza watoto wanasoma wapi.

Mimi ni mwoga. Naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuliandika.

Jumatatu, tarehe 15

Asubuhi nilipitia duka la kuchapisha mjini. Nikatoa picha kwa rangi, karatasi kubwa. Kijana wa mashine aliisifu, akadhani ni mchoro wa kitambaa.

Saa nane na nusu niliiweka mbele ya Mama Georgette. Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia yote. Foleni. Dakika saba. Betri iliyojaa. Kipande kipana ni muda unaopotea, na vilivyokipanua ni vidole hivi. Dakika kumi za Ijumaa na za Jumamosi zilikuwa uongo.

Akaweka kidole kwenye ukuta mwekundu, akakitembeza toka mwisho hadi mwisho, kama anayepima kitambaa.

"Hii yote ni kungojea?"

"Ndiyo, mama."

"Tokea wakati gani?"

Nikamwambia ninavyokadiria. Tangu mwezi wa tatu ilikuwa inapita dakika mbili. Akahesabu kwa vidole, akaacha. Nilielewa anahesabu nini. Ni simu. Kila simu ambayo yeye, kwa sauti yake, alisema hakuna mtu. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mireille. Mi njo nasemaka lipua. Haiko weye. Sauti ni yangu."

Saa tisa ikafika. Skrini ikasema sifuri. Akachukua simu, na nilimwona ananyoosha mgongo. Akasema: "Ni Georgette. Leo sitatoa sifuri. Muhesabie bantu na macho, moja moja, na majina. Hapana. Haiko panne, masini haikuaribika. Mi njo nakatala."

Wakapiga kelele upande ule. Akaweka simu chini taratibu. Ikalia tena, akaiacha ilie.

Walihesabu. Ilichukua saa moja na nusu. Watu wote walikuwa nje. Hakukuwa na mtu mashariki. Nilitegemea kufurahi, na badala yake nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa wataniambia: unaona, sifuri ilikuwa sifuri.

Injinia mkuu alikuja mwenyewe. Mtu mrefu, anaongea chini. Akauliza ni nani amesimamisha mlipuko. Mama Georgette akasema ni yeye. Nikasikia sauti yangu ikisema ni mimi. Akatutazama wote wawili, akasema kesho saa tatu, mbele ya wageni.

Jumanne, tarehe 16

Nimevaa gauni la kanisani.

Meza ndefu, wageni watano, chef Hubert na tai shingoni. Alianza yeye. Alisema kulikuwa na hitilafu ndogo ya muda, na mfanyakazi wake mmoja amechoka, ameshtuka. Mfanyakazi ni mimi. Alisema kwa huruma. Hilo ndilo lililonisaidia, nadhani. Hasira kidogo ilitosha kunisimamisha.

Nikatandika karatasi mezani. Nilieleza vibaya, nilirudia maneno, mgeni mmoja akaniomba nianze upya. Nikaanza upya. Nikaonyesha saa ya kisomaji, saa ya skrini, na ukuta mwekundu uliosimama kati yao. Nikasema mistari hii niliandika mimi. Ripoti ya betri nilitia sahihi mimi, na si kweli. Lampu ya papa Ilunga ilikuwa imejaa, iko kwenye kabati, mnaweza kuiwasha.

Mtu akasogeza glasi.

Injinia mkuu hakuuliza kuhusu programu. Aliuliza: "Ulijua tangu siku gani?"

Alhamisi, nikasema.

"Na tumelipua mara ngapi tokea hapo?"

Mara tatu. Ijumaa na Jumamosi kwa kungoja dakika kumi. Alhamisi bila kungoja. Alhamisi nilijua na sikusema kitu.

Aliandika kwenye daftari lake. Sijawahi kuogopa kalamu hivyo. Kisha akatoa amri. Ubao wa vibati vya shaba, ule wa zamani ambao kila mtu alikuwa anatundika kibati chake akitoka, urudishwe leo. Uliondolewa mwaka jana kwa sababu yetu. Hakuna kulipua kwa neno la skrini peke yake. Mimi nitengeneze, mbele ya mtu wa mgodi, kisha itaangaliwa nifanywe nini.

Chef Hubert alikusanya karatasi zake. Akapita karibu yangu kama mtu anayeona ng'ambo ya kioo.

Alhamisi, tarehe 18

Nimemaliza. Ilikuwa mistari kumi na minne. Programu sasa inakumbuka mahali pa mwisho pa kila mtu, haisomi orodha tena. Mistari kumi na minne. Ningeweza kuiandika miaka miwili iliyopita kwa mchana mmoja.

Nimeongeza kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniomba. Kando ya sifuri, skrini inaandika umri wa habari yenyewe. Ikipita sekunde ishirini, namba inafutika na nafasi tupu inabaki. Afadhali isijue kuliko kudanganya.

Nimechora picha tena, saa nane na nusu hadi saa tisa, zamu yote ikipanda. Ukuta haupo. Ndimi nyingi nyembamba. Nilikitafuta kile kipande na jina lake, nikakikuta pembeni, hakifikii upana wa kucha.

Kwenye skrini, sifuri. Umri: sekunde moja. Kwenye ubao, vibati vyote. Mama Georgette aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akarudi kwa cha kwanza. Alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Vikombe vikagongana.

Mwili wangu haujui bado kwamba imetengenezwa. Ulikaza vilevile.

Jumamosi, tarehe 20

Barua ya chef Hubert imekuja. Mwisho wa mwezi nitoke. Nilijua. Nimeiweka chini ya Biblia ya mama, bado sijamwambia.

Papa Ilunga aliitwa kazini jana. Wamemwandikia kwamba hana kosa. Hata hivyo nilirudi Katuba. Barua ya mgodi haisemi ni nani mwenye kosa.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Sikutaka kiti. Mkewe alielewa kwanza, akaingia ndani, nikasikia sufuria ikiwekwa kwa nguvu. Papa Ilunga hakusema amenisamehe. Hakusema hapana.

Kisha akauliza: "Hii programu yako, iko mu mugodi yetu tu?"

Iko kwenye migodi mingine miwili. Chef Hubert aliwauzia mwaka jana, mistari ileile, na herufi za jina langu. Siku kumi nimeogopa kwa ajili ya mtu mmoja, njia moja, skrini moja. Hao sikuwafikiria hata mara moja.

Alinitazama usoni, akajua. Akasimama. "Sasa uko nafanya nini hapa? Enda ubaite."

Nilipiga simu barabarani, nimeegemea ukuta wa jirani. Mgodi wa kwanza walijibu, mtu wa usalama, akaandika kila neno, akasema leo hawalipui. Mgodi wa pili simu ililia mpaka ikakatika. Mara sita. Nikaandika ujumbe, nikatuma picha. Nikaandika mwingine kwa injinia mkuu wetu, amtafute mwenzake. Saa nane. Saa nane na nusu. Nilikuwa natembea bila kujua naelekea wapi, simu mkononi, na watu wananipisha.

Saa tisa ilinikuta sokoni. Watu wanauza nyanya. Hakuna aliyejua. Nilisimama katikati ya nyanya mpaka saa tisa na robo.

Hawajajibu.

Jumatatu, tarehe 22

Wamepiga simu asubuhi, wakati nafua. Nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, mzee kidogo, ana mafua. Anakaa mbele ya skrini kule mgodi wa pili. Jumamosi hawakuwa kazini, kulikuwa na msiba wa mwenzao, na amesoma ujumbe wangu leo.

Nikaanza kumweleza haraka haraka. Akanikatiza kwa upole.

"Mama, tulia. Siye ba huku hatukuaminiaka ile masini. Tokea siku ya kwanza. Bantu batoke, tunabahesabu ku mulango, kiisha njo tunaangalia skrini yenu, juu chef anapenda."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akauliza kama nalia. Nikamwambia nina sabuni machoni.

Aliniomba nimweleze picha ile, kile chekundu ni nini. Nikamweleza, kipande kwa kipande, mikono imelowa. Alisema aah mara kadhaa. Alisema kwao sasa ni baridi sana, akauliza Lubumbashi je. Nikamwambia na huku.

Nimemaliza kufua. Nimeanika mashuka mawili na gauni la kanisani. Upepo ni mdogo, jua lipo. Mama ameketi mlangoni anachambua maharage, nami nitakaa karibu naye nimwambie kuhusu barua.